Duara Lililoitwa Nyamizi

Shemeji yangu Sostenes alifika umri wa miaka arobaini na ushee bila kupoteza kitu chochote, na naamini hilo ndilo lililomharibu. Meno yake yote yalikuwa kinywani. Baba na mama yake walikuwa hai, wanakula ugali wao huko Kishapu bila kumsumbua mtu. Ng'ombe wake hawakujua kufa. Mwaka ule wa ukame, majirani walipokuwa wakichuna ngozi mpaka visu vikawa butu, wa kwake walirudi nyumbani wamekonda tu. Na mke aliyempata ni mdogo wangu Nyamizi, mwanamke ambaye ukimkabidhi mbegu za pamba na maksai wawili, wewe unaweza kwenda kulala. Sostenes alikwenda kulala. Alilala miaka yote ya ndoa yao, na alipoamka alijikuta ana akili nyingi.

Akili hizo alizileta mjini Shinyanga. Alifungua kibanda cha kuchajia simu karibu na stesheni ya reli, mke akabaki Kishapu analima. Mimi nashona nguo kwenye baraza ya pili kutoka hapo, kwa hiyo nayasema niliyoyaona na kuyasikia, tena nikiwa na sindano mdomoni, maana bila ile sindano ningemjibu kila siku.

Kibanda kilikuwa kisingizio. Kazi yake hasa ilikuwa mchezo aliouita Zizi. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, miguu mbele, anawatangazia waendesha bodaboda: "Zizini mwangu debe linaingia, mtungi unaingia, jiwe haliingii." Yako maneno yanayoingia na yasiyoingia, na yale yanayoingia yana kanuni moja inayoyaunganisha, ambayo anaijua yeye peke yake. Wewe unamtajia maneno yako, yeye anakujibu linaingia au haliingii, mpaka uishike kanuni. Ukikosea, unamnunulia chai. Sijawahi kumwona akinunua chai yake mwenyewe.

Siku moja George, kijana mpole wa bodaboda, aliuliza sufuria. Inaingia. Akauliza birika. Linaingia. Ndoo, inaingia. Jagi, linaingia. George akaruka: "Vyombo vya maji!"

"Ee Mungu wangu," akasema Sostenes, na akafumba macho kama padri anayesikiliza dhambi zile zile kila Jumamosi. "Ngoma inaingia. Filimbi inaingia. Mzinga wa nyuki unaingia. Ni vitu vyenye uwazi ndani, George! Umeniuliza vyombo, vyombo, vyombo. Ukishadhani umeijua kanuni, niulize kile unachodhani hakiingii. Ungeniuliza ngoma ungejiokoa. Wewe unaulizia kule unakotaka kusikia ndiyo."

Wote wakacheka, na George akaenda kununua chai. Ushauri wenyewe ulikuwa mzuri, siwezi kukataa. Sostenes alikuwa na ushauri mzuri kwa kila mtu aliyekaa mbele yake, na hakuwahi kukaa mbele yake mwenyewe.

Ikaja habari ya dhahabu. Huko upande wa Geita, mbele ya Katoro, watu walikuwa wamevamia kilima kimoja na kutoboa mashimo kila mahali. Rafiki yake wa tangu utotoni, Mwigulu, alikuwa huko tayari, akamwita waingie ubia. Sostenes akafunga kibanda, akamwambia Nyamizi kwa simu kwamba anakwenda mara moja, akaondoka na mto wake wa kulalia. Wengine hubeba sururu.

Pale machimboni kila shimo ni duara, na kila duara lina jina lililoandikwa kwenye ubao mdomoni pake. Duara likitoa dhahabu wanasema limetema. Wenye maduara wengi hupita kwanza kwa mganga. Mwigulu naye alitaka wapeleke mbuzi mweusi kama watu wengine, lakini Sostenes alimcheka mpaka akamtia aibu. Huo ni ushamba, alimwambia. Mwenye akili anatafuta kanuni.

Akaanza kuzunguka na kuwahoji wale waliopata. Duara la kwanza kutema liliitwa Jicho, na mwenyewe alikuwa na jicho moja. La pili liliitwa Baiskeli. Mwenyewe aliibiwa baiskeli akiwa msikitini. La tatu liliitwa Kaka, na kaka wa mwenye duara alikwenda Zambia akapotelea huko. La nne Bibi, marehemu. Sostenes alinipigia simu mchana, nikiwa napima kiuno cha mteja, anapiga kelele kama mtu aliyeokoka. "Shemeji! Nimeipata! Majina yote ya maduara yaliyotema ni majina ya vitu ambavyo mwenyewe amevipoteza! Hakuna hata mmoja aliyeijua. Wanaandika tu kwa uchungu wao, hawajui wanachokifanya!"

Nikamwambia hongera, nina mteja.

Sasa shida yake mnaiona. Mtu huyu hakuwa na alichopoteza. Mwigulu alisimulia baadaye kwamba Sostenes alikaa juu ya kifusi cha udongo akiyakagua maisha yake tangu utoto, anatafuta hasara, hapati. Wengine wangepiga magoti washukuru. Yeye alilalamika kwamba kanyimwa mtaji.

Akaamua kujipatia. Alikuwa na saa ya mkononi. Akaitumbukiza chooni kwa mkono wake mwenyewe, akasimama pale kidogo kama mfiwa, kisha akaenda kuandika SAA kwenye ubao. Walichimba, wakakuta maji. Sostenes hakuvunjika moyo. Alisema saa haikumuuma kwa sababu haikuwa saa ya maana, na kanuni inataka uchungu.

Basi akatuma mtu Kishapu, akauza maksai. Nyamizi aligundua asubuhi alipokwenda kuwafunga nira, akakuta kamba. Wale maksai aliwalea mwenyewe tangu wakiwa ndama, walikuwa wanaijua sauti yake kuliko fimbo, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Msimu ule alilima kwa jembe la mkono, akapanda robo ya shamba. Kule kwenye kilima ubao ulikuwa umebadilika, unasomeka MAKSAI. Yakatoka mawe, yakapelekwa kwenye karasha yakasagwa, na unga wake ulikuwa unga tu.

Na hapa ndipo Sostenes alipotoa hoja iliyonifanya niache kumwita mjinga, nikaanza kumwita jina jingine ambalo siwezi kuliandika. Alimwambia Mwigulu: "Nimeelewa nilipokosea. Maksai wamemuuma Nyamizi. Mimi hawakuniuma. Na duara ni langu, si la Nyamizi."

Akakaa tena kwenye kifusi, akajiuliza ni kitu gani kikipotea kitamuuma yeye. Jibu lilipomjia alifurahi, hilo ndilo linalonishinda mpaka leo. Mtu anagundua kwamba anampenda mke wake, na anafurahi kwa sababu atamfaa kwenye duara.

Alifika Kishapu Jumapili, watu wametoka kanisani. Nyamizi alinieleza maneno yao yote, neno kwa neno, na Nyamizi si mtu wa kuongeza chumvi.

"Mama Mariana," alimwambia, "nataka nikupoteze kidogo."

Mdogo wangu alidhani kalewa. "Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka duara liteme. Likishatema nakuja kukuchukua."

"Na baba yangu utamwambia nini?"

"Nitamwambia simtaki tena binti yake. Lazima niseme kweli kweli, mbele ya watu, la sivyo si kupoteza. Mwigulu atakuwa shahidi."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe ulie kidogo."

Nilimuuliza Nyamizi kwa nini alikubali. Nilimuuliza kwa hasira, maana kama ni mimi angeondoka pale na alama ya mwiko usoni. Akanijibu kwamba alitaka kuona kama mdomo wa Sostenes utaweza. Alikuwa na hakika kwamba wakifika mbele ya baba, maneno yatamkwama, ataona aibu, watarudi nyumbani na upuuzi utakuwa umekwisha. Aliiweka ndoa yake yote juu ya jambo hilo moja, kwamba maneno yatamkwama mtu.

Hayakumkwama. Alisimama katika uwanja wa baba yetu, mzee Maige, mbele ya wazee wa ukoo, akasema: "Huyu mwanamke simtaki. Nimemrudisha kwenu." Alisema vizuri, kwa sauti, kama anatangaza debe linaingia na jiwe haliingii. Nyamizi akalia, na hakulia kidogo kama alivyoagizwa.

Kwetu, mtu hasemi maneno hayo halafu akaomba maji ya kunywa. Baba aliwauliza wazee kama wamesikia, wakasema wamesikia. Kulipokucha akafungua zizi, akatoa ng'ombe wa mahari aliyolipiwa Nyamizi, akabakiza wachache kwa ajili ya mtoto wao Mariana kama ilivyo desturi, na wengine wakaswagwa mpaka kwa Sostenes. Ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha. Ukimtaka mwanamke yule tena, unaanza mwanzo kama mgeni: unatuma mshenga, unaleta ng'ombe.

Mwenye kanuni zake hakuwa amelifikiria hilo. Mtu aliyezaliwa Kishapu, aliyetolewa ng'ombe na baba yake mbele ya macho yake, alidhani baba mkwe atacheza naye Zizi. Lakini mnadhani alishtuka? Aliwaona ng'ombe wanaingia uwanjani kwake, akamshika Mwigulu mkono: "Umeona? Hata ng'ombe wamerudi. Sasa nimempoteza kabisa kabisa!" Akawapeleka mnadani, fedha ikaenda kununua magogo ya kuzuia udongo na chakula cha wachimbaji. Kwenye ubao akaandika NYAMIZI.

Na duara likatema.

Niandike ukweli ingawa unaniuma: lilitema. Haikuwa dhahabu ya kujengea ghorofa, lakini ilikuwa dhahabu, iling'aa mchana kweupe na watu wakaja kuitazama. Kilima kile kilikuwa na dhahabu, na ukitoboa toboa mwisho utaikuta, hata ubao ukiandikwa kachumbari. Nendeni mkamwambie Sostenes hivyo.

Nyamizi alipata habari kutoka kwangu kwa simu. Alikuwa kwa baba, na mfuko wake wa nguo ulikuwa bado mlangoni, hajaupangua tangu afike. Alikuwa akichomoa kanga moja, anaifua, anairudisha. Hakuniuliza wamepata kiasi gani. Aliniuliza, "Anakuja lini?"

Nikampigia Sostenes.

"Shemeji," akasema, taratibu, kwa ile sauti yake ya kumfundisha George. "Hebu fikiri. Nikimchukua, si atakuwa amepatikana? Akipatikana, duara litafunga. Mwambie atulie."

Sikumwambia Nyamizi hivyo. Nilimwambia bado ana kazi. Kisha nikafunga cherehani, nikapanda basi la Geita, kwa sababu matusi mengine hayapiti kwenye simu.

Nilifika pale kilimani vumbi limenijaa mpaka masikioni. Kabla sijamwona nilikaa kwa mama mmoja anayepikia wachimbaji, Mwamvua, nikala wali maharage ili nipate nguvu. Nikamuuliza, bila kuwa na hila yoyote, yale mashimo yaliyoachwa kule bondeni ni ya nani.

"Ayo ni yaliyokufa, dada," akasema. "Hayakutema kitu. Lile Ndoa, mwenyewe alikimbiwa na mke. Lile Mguu, alikatwa mguu. Lile ni Shamba, sijui walimdhulumu ndugu zake. Na lile pale kubwa ni Mwanangu. Uyo mzee alichimba akilia mpaka akaondoka."

Bonde zima! Watu wanaokwenda kujifukia ardhini ni watu waliopoteza kitu, wote, waliopata na wasiopata. Aliyetosheka yuko nyumbani kwake anapalilia dengu. Sostenes alikuwa amewahoji wale waliosema ndiyo tu. Hatua chache chini ya kifusi chake yalikuwepo mashimo ya kumwambia hapana, hakuwahi kuteremka.

Nilimkuta amekaa juu ya kifusi, miguu mbele. Nikamwambia yote: Ndoa, Mguu, Shamba, Mwanangu. Nikamkumbusha vyombo vya George na ngoma ambayo George hakuiuliza. Alinisikiliza kwa makini, sijawahi kumwona akinisikiliza vile, na kwa muda nilidhani nimempata. Akasugua kidevu.

"Hao," akasema, "hawakupoteza vya kutosha."

Nikamwambia ninachomfikiria, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na nilipoishiwa nikarudia yaliyo bora. Wachimbaji walipanda juu kutoka mashimoni kuja kusikiliza. Mzee mmoja akaniambia wabeja, yaani asante, kama nilikuwa nimemwimbia.

Nikarudi. Miezi ikaenda. Nyamizi aliendelea kuniuliza anakuja lini mpaka siku alipoacha, na siku hiyo mfuko wa nguo ulihama kutoka mlangoni ukaingia chini ya kitanda. Alimwomba baba kipande cha shamba. Alipanda dengu, akazipalilia, akaanza kucheka tena na wanawake kisimani. Mariana alipofunga shule alikuja pale moja kwa moja, hakuuliza njia ya kwingine.

Duara lilikauka wakati dengu zinavunwa. Mwigulu alikuwa ameshajitoa, na ng'ombe wote walikuwa wameuzwa wakaishia kwenye chakula cha wachimbaji. Nilikuwepo Kishapu siku Sostenes alipokuja, nimekwenda kusaidia mavuno. Alikuja kwa mguu kutoka barabarani, shati limepauka, mfukoni hana kitu na nyuma yake hakuna mnyama hata mmoja. Nilimwona toka mbali nikafurahi. Nilikuwa nimejiandalia kicheko mwaka mzima, na sasa mwenyewe ananiletea pa kukitua.

Baba alimsalimia "Mwadila" kama anavyomsalimia mpita njia yeyote, akaagiza kiti na chai. Sostenes akaanza kujieleza kwa upande wa ng'ombe, kwamba atawatafuta, kwamba apewe muda. Baba akamkata. "Mimi nilishamaliza. Muulize mwenyewe."

Nyamizi alikuwa amekaa kwenye turubai, anapepeta dengu kwa ungo. Sostenes akachuchumaa mbele yake. Nilisogea karibu, sikuona sababu ya kujificha.

"Mama Mariana," akasema, "duara limekauka. Nimekuja kukuchukua."

Nyamizi akaweka ungo chini. "Lingekuwa bado linatema, ungekuja?"

Mwanamume yeyote angedanganya hapo. Mimi mwenyewe, ninayemchukia, nilimwombea adanganye, kwa sababu nilimwona mdogo wangu ameshikilia ukingo wa ule ungo, na nikajua kwamba akipewa uongo mzuri kidogo tu, atausamehe ulimwengu mzima na kwenda kuutoa ule mfuko chini ya kitanda. Lakini Sostenes aliinua uso kwa lile joto lake la mwalimu.

"Nisingeweza," akasema. "Lingefunga."

Nyamizi akatikisa kichwa polepole, kukubali.

"Basi kanuni yako ni ya kweli, Sostenes," akasema. Alimwita jina lake, hivyo hivyo, kama unavyomwita mtu wa kijiji kingine. "Umenipoteza."

Nami niliyaona haya kwa macho yangu: aliposikia ile sehemu ya kwanza, shemeji yangu alitabasamu. Mtu mmoja duniani alikuwa amemkubalia kanuni yake hatimaye. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni pake ile sehemu ya pili ilipomfikia, na hakujua alipeleke wapi. Nilikitafuta kicheko changu nisikione.

Nyamizi aliuchukua ungo wake, akamwomba asogee kidogo, amekanyaga dengu.